Roberto Clemente: Nyota wa besiboli aliyezama na shehena ya misaada

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

WAKAZI wa Shinyanga na Geita hawahitaji kufundishwa maana ya kitu cha thamani kuuzwa kwa bei ya kutupa. Tangu Dk. John Williamson aanzishe mgodi wa almasi wa Mwadui mwaka 1940, na tangu wachimbaji wadogo waanze kuipasua miamba ya dhahabu ya Geita, zimekuwapo simulizi za mtu aliyeokota jiwe, akalipeleka kwa dalali bila kujua thamani yake, akarejea nyumbani na fedha za kununulia baiskeli, ilhali jiwe lenyewe likaenda kujenga maghorofa ya wengine.

Katika ulimwengu wa michezo, biashara ya namna hiyo ilifanyika Novemba 22, 1954 nchini Marekani. Siku hiyo klabu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates, ambayo ilikuwa imetoka kushika mkia katika ligi yake, ililipa dola 4,000 tu na kumchukua kutoka Brooklyn Dodgers kijana mweusi wa miaka 20 ambaye wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake. Kijana huyo alikuwa Roberto Clemente.

Miaka 18 baadaye alikuwa miongoni mwa wapigaji hodari kuliko wote waliopata kuushika mchezo huo, na mlinzi wa uwanja wa nje ambaye mkono wake wa kulia ulihofiwa na kila mkimbiaji. Usiku wa Desemba 31, 1972, akiwa na umri wa miaka 38, alikufa baharini ndani ya ndege iliyokuwa ikipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi. Mwili wake haukuonekana hadi leo.

Msomaji anaweza kuuliza tunamkumbukia nini mtu huyo huku Kanda ya Ziwa, ambako Uwanja wa Kambarage hujaa kwa ajili ya soka na si mchezo mwingine. Ni kweli kwamba besiboli bado ni ngeni kwetu, ingawa katika muongo wa 2010 wataalamu kutoka Japan walianza kuifundisha katika baadhi ya shule nchini, na Shule ya Sekondari Azania jijini Dar es Salaam ikapata uwanja wake. Lakini Clemente hakuuawa na besiboli. Aliuawa na mambo mawili ambayo watu wa kanda hii wanayafahamu kwa majina: misaada isiyowafikia walengwa, na chombo cha usafiri kilichopakiwa kupita uwezo wake.

Mtoto wa mashamba ya miwa

Clemente alizaliwa Agosti 18, 1934 katika kitongoji cha San Antón, mjini Carolina, katika kisiwa cha Puerto Rico kilichoko bahari ya Karibi, ambacho kimekuwa chini ya Marekani tangu mwaka 1898. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake, Mzee Melchor Clemente, alikuwa msimamizi wa wakata miwa. Mama yake, Bi. Luisa Walker, alilea watoto na kufanya kazi za kufua.

Hawakuwa mafukara wa kulala njaa, lakini kila senti ilikuwa na kazi yake. Inasimuliwa kwamba Roberto alipotaka baiskeli, baba yake alimwelekeza akaitafute kwa jasho lake, naye akawa akibeba makopo ya maziwa ya jirani kila alfajiri kwa malipo ya senti chache, hadi baada ya muda mrefu akaipata. Mtu yeyote aliyekulia Usukumani enzi ambapo ada ya shule ilitoka katika pamba aliyoichuma mwenyewe ataielewa habari hiyo bila mkalimani.

Kama watoto wetu wanavyosuka mpira wa matambara na makaratasi kwa ajili ya chandimu, naye na wenzake walifunga matambara kwa kamba na kuyapiga kwa kipande cha mti wa mpera. Shuleni alirusha mkuki kwa umahiri mkubwa kiasi cha watu kuanza kuzungumzia Michezo ya Olimpiki. Mkuki huo haukupotea bure. Bega lililozoea kuurusha ndilo lililokuja kuwatia hofu wachezaji wa Marekani.

Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 18, alisajiliwa na klabu ya Santurce ya nyumbani kwao kwa mshahara wa dola 40 kwa wiki. Februari 1954 Dodgers wakamchukua kwa malipo ya awali ya dola 10,000. Inaelezwa kuwa klabu nyingine ilikuja baadaye na kitita kinachokaribia mara tatu ya hicho, lakini kijana alikwisha kutoa neno lake, na mama yake akamwambia neno ni neno.

Kanuni za wakati huo zilisema kwamba mchezaji aliyelipwa zaidi ya dola 4,000 ya awali lazima awekwe katika kikosi cha kwanza, la sivyo mwisho wa msimu klabu nyingine ingeweza kumnyakua. Dodgers walimpeleka Montreal, Canada, katika timu yao ya daraja la chini, na huko alicheza kwa nadra. Wapo wanaoandika kwamba walikuwa wakimficha, wapo wanaobisha. Lisilobishaniwa ni kwamba mtafuta vipaji wa Pirates, Clyde Sukeforth, aliyekwenda kumwangalia mchezaji mwingine, alimwona Clemente akirusha mipira wakati wa mazoezi na akapoteza hamu ya yule aliyemfuata.

Gongo na mkono

Kwa asiyeujua mchezo, besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja. Mrushaji anautupa mpira mdogo, mgumu, kwa kasi ya kutisha. Mpigaji anausubiri na gongo mikononi (gongo la mti, si lile linalowapeleka watu mahabusu). Akiupiga vyema hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akivimaliza vyote anaipatia timu yake alama moja. Wapinzani hutawanyika uwanjani kuudaka mpira au kuurudisha kituoni kabla mkimbiaji hajafika. Watatu kati yao husimama mbali, nyuma kabisa. Clemente alikuwa mmoja wa hao, upande wa kulia, na jezi yake ilikuwa na namba 21.

Hakuwa mpigaji wa vitabuni. Alisimama mbali na kituo, akaizungusha shingo yake huku na huku kama mtu aliyeamka na maumivu ya kitanda, kisha akaupiga hata mpira ambao walimu wote husema uachwe upite. Mikwaju yake ilikwenda kwa nguvu na kwa mstari ulionyooka. Katika misimu 18 alivusha mipira 240 nje ya uzio, lakini sifa yake kubwa ilikuwa kupiga mfululizo, mwaka baada ya mwaka. Alikuwa kinara wa wastani wa upigaji katika ligi yake mara nne: miaka ya 1961, 1964, 1965 na 1967. Mwaka huo wa mwisho wastani wake ulikuwa 0.357, maana yake mipigo iliyofanikiwa ilikaribia 36 katika kila majaribio 100. Kwa kazi hiyo, anayefikisha 30 huhesabiwa bingwa.

Julai 25, 1956 alifanya jambo ambalo bado linasimuliwa. Pirates walikuwa nyuma kwa alama tatu dhidi ya Chicago Cubs, vituo vyote vitatu vimejaa wenzake. Clemente aliupiga mpira hadi pembezoni mwa uwanja, akaanza kukimbia. Wote watatu waliokuwa mbele yake wakafika nyumbani na matokeo yakawa sare. Kocha aliyekuwa kituo cha tatu alimwonyesha mikono asimame. Hakusimama. Alimpita, akajitupa kwenye kituo cha mwisho, na timu yake ikashinda 9-8.

Katika ulinzi alitunukiwa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, mara 12 mfululizo kuanzia 1961 hadi 1972. Wakimbiaji walijifunza kwamba mpira ukienda upande wa kulia, ni salama zaidi kubaki pale ulipo.

Jina ambalo hakuliomba

Heshima hiyo haikuja kwa urahisi. Clemente alifika Pittsburgh akiwa mweusi, mgeni, na msema Kihispania, mambo matatu ambayo kila moja pekee lingetosha kumtesa katika Marekani ya miaka ya 1950. Kila mwanzo wa msimu timu ilipokwenda kufanya mazoezi Florida, wachezaji weupe walilala hotelini, naye na weusi wenzake wakatafutiwa vyumba katika nyumba za watu upande mwingine wa mji. Basi liliposimama njiani kwa chakula, weupe waliingia mgahawani na weusi wakasubiri waletewe garini. Alikataa kuendelea kusubiri, akaudai uongozi uwatafutie gari lao.

Magazeti nayo yalikuwa na kesi yake. Waandishi walipomnukuu waliandika matamshi yake ya Kiingereza kama yalivyosikika, ili wasomaji wacheke, jambo ambalo sisi wa kalamu tunapaswa kuliona aibu. Wakamwita Bob. Hata kadi za picha za wachezaji zilizouzwa madukani zilimwandika Bob Clemente kwa miaka mingi, na yeye kwa miaka hiyo hiyo akasahihisha kwamba jina lake ni Roberto. Huku kwetu wapo wazee walioingizwa katika daftari za wakoloni kwa majina waliyopotoshewa, kwa sababu ng' ya Kisukuma iliwashinda makarani. Hao wangemwelewa.

Alituhumiwa pia kujisingizia maradhi. Ukweli ni kwamba mwishoni mwa mwaka 1954, wakati ndugu yake Luis akiwa mahututi kwa uvimbe kichwani, gari la Clemente liligongwa na dereva mlevi, na mgongo wake haukupona sawasawa tena. Alicheza nao ukiwa hivyo hivyo kwa miaka 18, na hakuna mchezaji wa Pirates aliyemzidi kwa idadi ya michezo; Honus Wagner pekee ndiye anayelingana naye kwa 2,433.

Oktoba 1960 Pirates waliwashinda New York Yankees katika fainali ya michezo saba ambayo Wamarekani huiita ya dunia, japo dunia hiyo huishia kwao. Clemente alipata mpigo katika kila mchezo. Kura za mchezaji bora wa ligi zilipohesabiwa, akawekwa nafasi ya nane. Alisubiri hadi mwaka 1966 kupewa tuzo hiyo.

Kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kuwa sauti ya wengine. Dk. Martin Luther King alipouawa Aprili 4, 1968, msimu ulikuwa uanze siku chache baadaye. Wachezaji weusi wa Pirates, Clemente akiwa mbele, walikataa kucheza kabla ya mazishi yaliyofanyika Aprili 9. Wenzao weupe wakawaunga mkono, na mchezo wa ufunguzi ukasogezwa mbele hadi Aprili 10. Na Septemba 1, 1971 klabu hiyo hiyo ikawa ya kwanza katika ligi kuu za Marekani kuanza mchezo na wachezaji tisa ambao wote walikuwa weusi, wakiwamo wa kutoka Amerika ya Kilatini.

Fainali ya mwaka huo wa 1971, dhidi ya Baltimore Orioles, ndiyo iliyowafunga midomo waliobaki. Pirates walipoteza michezo miwili ya kwanza. Clemente, mwenye miaka 37, alipiga kwa wastani wa 0.414, akapata mpigo katika michezo yote saba kama alivyofanya mwaka 1960, na katika mchezo wa mwisho akavusha mpira nje ya uzio. Timu yake ikashinda 2-1. Alipowekwa mbele ya kamera kama mchezaji bora wa fainali, aliomba kwanza aseme kwa Kihispania. Wamarekani waliokuwa wakitazama wakashuhudia mtu mzima, nyota wa siku hiyo, akiwaomba wazazi wake baraka kwa lugha ambayo wengi wao hawakuielewa.

Septemba 30, 1972, mbele ya watazamaji 13,117 tu, alipata mpigo wake wa 3,000 dhidi ya Jon Matlack wa New York Mets. Walikuwa wamefika hapo wachezaji 10 tu kabla yake. Hakupata mwingine wowote katika msimu wa kawaida.

Managua

Novemba mwaka huo Clemente alikwenda Nicaragua kuiongoza timu ya ridhaa ya Puerto Rico katika mashindano ya dunia, akatembelea hospitali na kupata marafiki. Alikuwa amerejea nyumbani kwa Krismasi pale, usiku wa kuamkia Desemba 23, tetemeko la ardhi lilipoubomoa mji mkuu, Managua. Maelfu ya watu walikufa na sehemu kubwa ya mji ikabaki vifusi.

Clemente akakubali kuongoza kamati ya kukusanya misaada, pamoja na mwimbaji Ruth Fernández. Hakuwa mwenyekiti wa kupigwa picha. Siku zote za sikukuu alishinda katika uwanja wa michezo wa Hiram Bithorn, mjini San Juan, akipokea chakula, nguo na dawa, akipanga maboksi na kukodi ndege na meli. Ndege kadhaa zikaondoka. Kisha habari zikaanza kurudi kutoka Managua kwamba askari wa mtawala Anastasio Somoza walikuwa wakiishikilia misaada uwanja wa ndege, na kwamba waliolala nje hawaioni.

Wasomaji watakumbuka kwamba baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera, Serikali iliwatengua maofisa waliodaiwa kufungua akaunti ya benki yenye jina lililofanana na la akaunti ya maafa. Clemente hakuwa na mamlaka ya kumtengua mtu. Alikuwa na uso wake tu, uso ambao kila mpenzi wa besiboli nchini Nicaragua aliufahamu, na aliamini kwamba akisimama yeye mwenyewe kando ya shehena hakuna askari atakayethubutu kuigusa. Akaamua kwenda.

Ndege aliyoipata ilikuwa DC-7 kuukuu yenye injini nne. Mmiliki wake alimpa bei nafuu. Jambo ambalo Clemente hakuambiwa ni kwamba Desemba 2 ndege hiyo ilikuwa imetumbukia mtaroni wakati ikitembea uwanjani, na injini zake hazikuwa zimekaguliwa ipasavyo. Mmiliki mwenyewe alikaa kiti cha rubani msaidizi bila sifa za kuiendesha ndege ya aina hiyo. Shehena ilipopakiwa ilizidi kiwango kwa takriban pauni 4,200, yaani karibu kilo 1,900.

Safari ilianza kwa kuahirishwa mara kwa mara. Saa tatu na dakika 20 usiku wa Desemba 31, wakati majirani wakijiandaa kuukaribisha mwaka mpya, ndege iliacha ardhi ya San Juan. Injini zilianza kushindwa mara moja. Rubani alijaribu kugeuka ili arudi. Ndege ikaanguka baharini, si mbali na ufukwe. Walikuwamo watu watano na hakupona hata mmoja.

Kwa siku nyingi watu walisimama ufukweni wakitazama maji. Rafiki yake Manny Sanguillén, mchezaji mwenzake wa Pirates, hakwenda kwenye ibada ya kumbukumbu ambako timu nzima ilihudhuria. Siku hiyo alikuwa akipiga mbizi na waokoaji kumtafuta. Mwili wa rubani ulipatikana. Wa Clemente haukupatikana.

Familia zilikwenda mahakamani, zikidai kwamba mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilipaswa kuizuia ndege ile isiruke. Mahakama ya Puerto Rico ilikubaliana nao. Mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu, ikiona kwamba mamlaka haikuwa na wajibu wa kisheria wa kuwaonya abiria, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakataa kulisikiliza shauri. Mtu aliyesimama gati la Mwanza Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikiwa na mamia ya abiria kupita uwezo wake, au aliyekuwa Ukara Septemba 20, 2018 wakati wa MV Nyerere, atajua uchungu wa swali lile la nani alipaswa kusema chombo kisiondoke.

Ulimwengu wa besiboli ulifanya lililo ndani ya uwezo wake. Kanuni ya kusubiri miaka mitano kabla ya kumwingiza mchezaji katika Ukumbi wa Mashujaa ulioko Cooperstown iliwekwa kando, na katika kura maalumu ya Machi 1973 Clemente akapata 393 kati ya 424. Alikuwa wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kuingia humo. Tuzo inayotolewa kila mwaka kwa mchezaji anayejitolea kwa jamii ilipewa jina lake. Mjane wake, Bi. Vera Zabala, ambaye walifunga ndoa Novemba 1964 na kujaaliwa watoto watatu wa kiume, aliuendeleza mpango wa mumewe wa kujenga mji wa michezo kwa ajili ya watoto maskini wa Carolina, hadi naye alipofariki dunia Novemba 2019.

Pittsburgh wana daraja lenye jina lake, ambalo siku za mechi hufungwa kwa magari ili watu watembee kwa miguu kwenda uwanjani. Na katika mji wa Masaya, Nicaragua, mwendo mfupi kwa gari kutoka Managua ambako ndege ile haikufika, uwanja wa besiboli uliitwa Roberto Clemente. Roberto, si Bob.